Mtoi Anakohoa Kila Usiku? Kabla Ununue Chupa Ya Nne, Soma Hii

Kuna kikohozi kimoja kenye kila mzazi wa mtaa anakijua. Mchana mtoi ako fiti, anakimbia kwa koridoo ya ploti, anamaliza chapo yake na anaangalia yako. Ukishamfunika saa tatu usiku, kinaanza. Saa tisa ndio kinashika kabisa, mpaka jirani anagonga ukuta. Asubuhi anaamka kama hakuna kitu ilifanyika, na wewe ndio uko kwa mat na macho nyekundu ukienda wera. Jioni unapitia kemisti, unaambiwa "hii itamsaidia haraka", unatoa soo tatu. Wiki mbili baadaye kimerudi, na unapewa chupa ya rangi ingine.

Hesabu chupa ziko juu ya kabati saa hii. Kama zimefika tatu na bado mtoi halali, shida si ati sirapu ilikuwa dhaifu. Shida ni hakuna mtu ameuliza hicho kikohozi kinatoka wapi.

Kikohozi chenyewe si ugonjwa. Kikohozi ni soja wa geti. Kazi yake ni kurusha nje chochote kisichofaa kuingia kwa mapafu: kamasi, moshi, vumbi, hata uji umepita njia mbaya. Ukimpea mtoi dawa ya kumlaza soja, geti imenyamaza lakini mwizi bado ako ndani ya keja.

Na kwa nini usiku? Sababu ni kadhaa na zinaingiliana. Mtoi akilala chali, kamasi ya pua haitoki mbele, inateremka nyuma ya koo na kumwasha. Halafu kuna homoni ya mwili, kotisoli, yenye husaidia kutuliza uvimbe. Usiku inashuka, na njia za hewa zinakuwa nyembamba kidogo kuliko mchana. Ongeza baridi ya alfajiri. Ongeza godoro, blanketi na moshi wa chumba kimefungwa madirisha yote. Sasa unaona venye mtoi mmoja anaweza kuwa watu wawili, wa mchana na wa usiku.

Habari njema ni kwamba mara nyingi ni homa ya kawaida tu. Mtoi mdogo anaweza kushikwa na mafua mara 6 mpaka 10 kwa mwaka, hasa akianza kwenda deikea ama bebi klasi penye kila mtu analamba toi ya mwenzake. Kikohozi cha mafua moja kinaweza kukaa wiki mbili hadi tatu hata baada ya homa kuisha. Kwa hivyo mafua mbili zikifuatana, utaapa mtoi amekohoa miezi miwili bila kupumzika. Jiulize hivi: kuna wiki katikati alikuwa safi kabisa, bila kukohoa hata usiku? Kama iko, pengine ni mafua yanapokezana. Kama haiko, endelea kusoma.

Kwanza, mambo ya kukimbia hosi usiku huo huo

Hii naiweka juu kabisa ju ndio inaokoa maisha. Nimonia ni kati ya magonjwa yanayoua watoi wengi zaidi wa chini ya miaka 5 duniani, na dalili yake kubwa si kelele ya kikohozi. Ni mbio ya pumzi.

Mtoi akiwa ametulia ama amelala, inua vesti uone kifua na tumbo. Weka simu ihesabu dakika moja kamili. Kila kifua kikipanda, hiyo ni moja. Usihesabu sekunde 15 halafu uzidishe mara nne, ju watoi hawapumui kwa mpangilio, anaweza kwenda mbio halafu apoe. Kama ako chini ya miezi 2, pumzi 60 na zaidi ni haraka sana. Miezi 2 mpaka 11, ni 50 na zaidi. Mwaka 1 mpaka 5, ni 40 na zaidi. Hizi ndizo namba WHO inafundisha wahudumu wa afya, na hazihitaji mashine yoyote. Akiwa amelia ama amekimbia, ngoja atulie kwanza, si hivyo utajitisha bure.

Cheki pia kama sehemu ya chini ya kifua, penye mbavu zinaisha, inabonyea ndani kila akivuta hewa. Cheki kama anatoa mlio wa kukwaruza akivuta pumzi hata akiwa ametulia. Kama hawezi kunyonya ama kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea hadi kumwamsha ni kazi, ama ulimi na ufizi vimegeuka rangi ya kijivu ama bluu, usingoje asubuhi. Usiingie kwa kemisti. Tafuta boda, tafuta jirani mwenye gari, nenda. Na kama ni kabebi ka chini ya miezi 2 kanakohoa na kana joto, hako ni ka hosi bila mjadala.

Sasa turudi kwa kikohozi cha kila usiku chenye hakina hizo dalili, lakini hakiishi.

Pumu: neno wazazi hawataki kusikia

Wengi wetu tukisikia asthma, ama pumu, tunafikiria mtu mzima ameshikilia ukuta akitafuta hewa. Kwa mtoi inaweza kuanza taratibu sana. Anakohoa sana kuelekea alfajiri. Anakohoa akicheka, akilia, akikimbia, ama baridi ikimpiga. Kila mafua "inashuka kifuani" na inakaa kuliko ya watoi wengine. Ukiweka sikio mgongoni, kifua kinapiga filimbi akitoa pumzi. Mara nyingi utapata mzazi mmoja ako na pumu, ama mtoi mwenyewe ana ukurutu kwa mikunjo ya mikono na magoti.

Hapa lazima tuwe wakweli: kikohozi peke yake, bila filimbi na bila shida ya kupumua, mara nyingi si pumu. Na kwa mtoi wa chini ya miaka 5 hata daktari hupata kazi kuithibitisha, ju mtoi hawezi kupuliza zile mashine za kupima. Kwa hivyo daktari anaangalia risto nzima, anajaribu dawa kwa muda, halafu anacheki kama kuna tofauti. Akikuambia "turudi baada ya wiki nne", si ati anakuzungusha. Hicho ndicho kipimo chenyewe.

Kenye kinaniudhi ni hii imani ya mtaa ati inhela "inazoesha mapafu", ati ni dawa ya mwisho ya watu wamezidiwa. Ni kinyume. Inhela inapeleka dawa kidogo sana pale pale penye shida. Ile sirapu ya salbutamol yenye watu wanapenda ju ni rahisi kumpea mtoi lazima ipitie tumbo na damu kwanza. Inachelewa, na njiani inafanya moyo uende mbio na mikono itetemeke. Mtoi anakuwa macho saa nane usiku, unashangaa ni nini.

Kuna inhela za aina mbili, na kuzichanganya ndio noma. Ya kwanza ni ya kufungua kifua haraka, mara nyingi ya rangi ya bluu. Ya pili ni ya kuzuia, inatuliza uvimbe polepole, na hiyo inatumika kila siku hata mtoi akiwa poa. Wazazi wengi wanaiacha wiki ya pili ju "amepona". Amepona ju anaitumia.

Mtoi mdogo hawezi kutumia inhela moja kwa moja mdomoni, dawa yote itabaki kwa ulimi. Anahitaji spesa, kile kichupa cha katikati chenye kinashika ule mvuke ili auvute polepole. Ukienda dukani bei inaweza kukushtua. Lakini cheki hii: mwaka wa 1999, jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa madaktari wa Cape Town waliolinganisha spesa za dukani na chupa ya kawaida ya plastiki ya nusu lita. Chupa ikitobolewa vizuri chini, mdomo wa inhela uingie kwa hilo tundu na ukingo uzibwe hewa isipite, watoi walipata nafuu karibu sawa na wale wa spesa ya dukani. Kikombe cha povu kilijaribiwa pia na hakikufanya kazi vizuri. Kwa hivyo chupa ya soda, ndiyo. Kikombe, hapana. Mtoi wa chini ya miaka 4 hivi atahitaji pia kinyago cha kufunika pua na mdomo. Mwambie nesi akuonyeshe mara ya kwanza, halafu wewe umwonyeshe nesi venye umeshika. Unabonyeza mara moja, mtoi anavuta pumzi tano ama sita, ndio ubonyeze tena. Si kubonyeza nne mfululizo kama unapuliza dawa ya mende.

TB, ju tuko Kenya

Hakuna mtu anapenda kuibonga, lakini Kenya iko kwa orodha ya WHO ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB, na watoi wanaipata kutoka kwa watu wazima wanaolala nao nyumba moja. Uncle amekuja kutafuta kazi na anakohoa mwezi wa pili. Shosho. Mama wa deikea. Mtoi akikohoa zaidi ya wiki mbili bila kupoa, haongezi uzito ama anapungua, ana joto la kuja na kuenda, analowa jasho usiku, hachezi kama zamani, mpeleke apimwe. Angalia ile grafu ya uzito kwa kitabu cha kliniki. Laini ikianza kulala ama kushuka, hiyo ni dalili yenye hakuna sirapu itainua.

Chanjo ya BCG yenye alidungwa akizaliwa inamkinga zaidi dhidi ya TB kali za utotoni, lakini haimaanishi hawezi kuipata. Watoi wadogo hawajui kutema makohozi, kwa hivyo wahudumu wana njia zingine, na siku hizi hata choo cha mtoi kinaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert. Kupimwa na dawa za TB ni bure kwa hosi za serikali. Na hii wengi hawajui: mwaka wa 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kupeana dawa za TB za watoi zenye dozi yao kamili, zinayeyuka kwa maji na zina ladha ya matunda. Zile siku za kuvunja tembe ya mtu mzima na kisu ukikisia robo zimepita. Kama mtu mzima wa keja amepatikana na TB, mtoi wa chini ya miaka 5 anafaa kuchekiwa hata kama hakohoi, ju kuna dawa ya kumkinga.

Kuna sababu zingine nitapita haraka. Kikohozi cha kubweka kama mbwa, kinaanza ghafla usiku na sauti imekauka, huwa ni uvimbe wa koo wa virusi. Ukija na ule mlio wa kukwaruza, ni hosi. Mtoi anayekohoa na kucheua kila akilazwa baada ya kunyonya anaweza kuwa na asidi inapanda. Na ukikumbuka kwamba hii kitu ilianza siku moja, ghafla, akicheza na njugu, maharagwe ama punje za mahindi, sema hiyo siku kwa daktari hata kama ni miezi mitatu imepita. Njugu inaweza kukaa kwa bomba la hewa muda wote huo, na hakuna dawa ya kuiyeyusha. Inatolewa.

Chunguza keja kabla ulaumu mtoi

Kama unaishi bedsita ama chumba kimoja cha mabati, jikoni na chumba cha kulala ni kitu moja. Moshi wa jiko la makaa na mafuta taa unakaa hapo mpaka asubuhi, na mtoi ndiye analala chini yake. Pika mlangoni ama nje penye inawezekana, na mtoi akae mbali jiko likiwashwa. Na tafadhali, baridi ya Julai isikufanye ulale na jiko ndani umefunga dirisha. Hiyo gesi ya makaa haina harufu na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Halafu ile dawa ya mbu ya kuzunguka kama konokono. Kuna utafiti wa 2003 uliopima moshi wake ukapata koili moja inaweza kutoa chembechembe laini sawa na sigara 75 mpaka 137. Soma hiyo tena, halafu fikiria iko chini ya kitanda usiku wote. Neti inafanya hiyo kazi bila moshi. Na kama wewe ama budake mnavuta fegi, kuvutia kwa mlango hakusaidii sana. Moshi unarudi ndani, na ule mwingine unakuja na jaketi.

Anika godoro na blanketi juani kila wikendi, fua shiti kwa maji moto, toa matedi yote kwa kitanda abaki na moja. Ukungu mweusi kwa ukuta na mende ni vichocheo vya pumu pia. Kwa hivyo ukimsumbua mwenye ploti kuhusu ule ukuta unavuja, hiyo ni afya ya mtoi, si maringo.

Kenye unaweza kumpea leo usiku

Asali, kama amepita mwaka mmoja. Nusu kijiko cha chai mpaka kijiko kizima kabla ya kulala. Tafiti zimeonyesha inapunguza kikohozi cha usiku cha mafua, na ni rahisi kuliko chupa nyingi za kemisti. Chini ya mwaka mmoja, usimlambishe hata kidogo, ju asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupoozesha misuli ya mtoi mchanga. Kama pua imeziba, chemsha kikombe cha maji, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, kipoe kabisa, mtilie matone mawili kila upande kabla ya kumnyonyesha ama kumlaza. Mpe vinywaji vya vuguvugu kama uji, na anayenyonya anyonye zaidi.

Sirapu za kikohozi nazo? Uingereza inazuia nyingi zake kwa watoto wa chini ya miaka 6. Marekani inaonya zisitumiwe chini ya miaka 2. Zenye kodini si za mtu wa chini ya miaka 12. Promethazine, ile inapendwa ju "inamdozisha", haifai mtoi wa chini ya miaka 2, ju inaweza kupunguza pumzi mpaka isimame. Na ukinunua chupa mbili tofauti, soma lebo, mara nyingi dawa ndani ni ile ile na umempea dozi mara mbili. Oktoba 2022 WHO ilitoa tahadhari kuhusu sirapu nne za watoto huko Gambia zilizopatikana na kemikali yenye sumu, na watoto karibu 70 walikufa figo zikikataa kazi. Kwa hivyo ile chupa isiyo na lebo ya kueleweka ya jamaa wa kibanda, ichoree. Antibayotiki pia haiui virusi vya mafua, na zile nusu dozi za "ametulia sasa" zinafundisha vijidudu kukataa dawa.

Usimfukize mtoi kwa sufuria ya maji yanachemka, utamchoma. Usimpake zile dawa kali za kupaka kifua akiwa chini ya miaka 2, na usiwahi kuziweka ndani ya pua. Mafuta taa, iwe ya kunywa ama ya kupaka, hapana.

Na kilimi. Najua bado kuna mtu wa mtaa, ama shosho wa ocha, atakuambia mtoi anakohoa ju kilimi kimekuwa kirefu, apelekwe akikatwe. Kile kinyama cha nyuma ya koo hakileti kikohozi cha kila usiku. Watoi wamevuja damu sana kwa hicho kiwembe, wengine wakapata pepopunda ama maambukizi mengine ju kiwembe ni kimoja na watoi ni wengi. Shosho anakupenda na anampenda mtoi, kwa hivyo mjibu na heshima: "Shosho, kwanza tumempeleka hosi, tunangoja majibu." Halafu mpeleke kweli.

Ukienda, usiende mikono mitupu. Rekodi video ya huo usiku, hata sekunde 30, ju ukifika kwa daktari saa nne asubuhi mtoi atakuwa anacheka na kupanda meza. Andika kwa simu kwa wiki moja: kilianza saa ngapi, alikuwa anafanya nini, alitapika, kulikuwa na moshi, alikuwa na joto. Beba kitabu cha kliniki na zile chupa zote za kabati, hata zenye zimeisha. Mwambie wazi kama kuna mtu anakohoa nyumbani, kama kuna pumu kwa familia, na unapika na nini. Halafu uliza mambo mawili: "Unafikiria ni nini?" na "Nikiona nini ndio nirudi kabla ya tarehe umenipea?" Akikuandikia sirapu tu bila kuinua vesti ya mtoi kusikiliza kifua, muombe asikilize. Kama ni lazima uende kituo kingine, nenda na ile video.